Unguja na Pemba: ndege au boti?

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia Pemba moja. Ukiandika "Pemba" kwenye mitandao ya kutafutia tiketi utaletewa viwanja viwili vya ndege: mmoja una herufi PMA, mwingine POL. PMA ndio wa kisiwani kwetu, mashariki kidogo ya Chake Chake. POL uko katika mji wa Pemba, Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume, ambao wengi wetu bado tunauita Kisauni, hadi PMA ni kilomita 125 hivi kwa mstari ulionyooka. Hadi POL ni zaidi ya 750. Kwa hiyo mtandao ukikwambia kwamba Unguja na Pemba ni safari ya kutwa nzima yenye kubadilisha ndege, usigune bei kwanza. Rudi uangalie herufi.

Kilomita 125 ni maili 78 za nchi kavu, au 67 za baharini. Hapo ndipo kurasa nyingi za kukokotoa umbali zinapoishia: zinachukua kilomita, zinazigawa kwa mwendo wa jeti kubwa, zinaongeza nusu saa ya kuruka na kutua, kisha zinatoa jibu bila kusita. Ndege inayokwenda Pemba aghlabu si jeti. Njia ya kurukia ya Unguja ina mita 3,022 na inapokea madege ya kutoka Ulaya na Ghuba. Ya Pemba kwa miaka mingi imekuwa kama nusu ya hiyo, na ndege zake ni za kipimo chake. Utakayoikuta mara nyingi ni Cessna Caravan: injini moja, panga moja puani, abiria kumi na mbili hivi, mwendo wa kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya mwenyewe utapata dakika 25. Weka na za kupinda na kujipanga kabla ya kutua, ndiyo hiyo nusu saa inayoandikwa kwenye ratiba.

Ndege kubwa kidogo kama ATR ina uwezo wa kwenda karibu kilomita 500 kwa saa. Kwa hesabu ya darasani ingefika kwa robo saa. Lakini njia ni fupi mno: ikimaliza kupanda tu, wakati wa kushuka umeshafika, na ule mwendo wake mkubwa haupati nafasi ya kufanya kazi. Tofauti ya ndege ndogo na kubwa hapa ni dakika chache. Anayekataa panga moja na kulipa zaidi kwa ajili ya mapanga mawili hanunui haraka. Ananunua utulivu wa roho, na mimi simlaumu.

Basi kama swali ni umbali na muda wa kuruka, jibu limeshapatikana. Ila ukimuuliza Mpemba yeyote anayeishi mjini Unguja kwa nini safari hii alipanda boti na ile iliyopita akapanda ndege, hatakutajia kilomita hata moja. Atakwambia anashukia wapi, ana mzigo gani, na mwezi huo ni wa upepo gani. Na mimi nalinganisha kwa mambo hayo.

Kutoka mlangoni hadi mlangoni

Ndege inashuka karibu na Chake, katikati ya kisiwa. Boti inafunga gati Mkoani, kusini. Kati ya Mkoani na Chake kuna karibu saa nzima ya gari, na hiyo saa moja ndiyo inayogeuza hesabu yote.

Tuseme unatoka Mwanakwerekwe unakwenda Chake. Kwa ndege: dakika 20 hadi uwanjani kama barabara haijafunga, saa moja ya kuripoti na kupimwa mzigo na kusubiri, nusu saa angani, robo saa ya kuteremka na kupokea begi, robo saa nyingine ya gari hadi mjini. Saa mbili na dakika 20. Kwa boti ya kasi: nusu saa hadi bandari ya Malindi ya hapa mjini Unguja, kwa sababu foleni ya Darajani ina mambo yake, saa moja bandarini, saa mbili na nusu baharini kwa siku njema, nusu saa ya kushuka na kutafutana na mizigo gatini Mkoani, kisha gari hadi Chake. Hapo ni saa tano na nusu. Ndege imekuokolea saa tatu na zaidi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: unakwenda Mkoani kwenyewe, labda kumtazama mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Abdalla Mzee. Mtu wa ndege anafika Chake kisha anarudi kusini kwa gari, na safari yake inakuwa saa tatu na dakika chache. Mtu wa boti anashuka gatini na kazi imekwisha: saa nne na nusu. Tofauti imeshuka hadi saa moja na nusu hivi, na kwa saa moja na nusu watu wengi hawalipi nauli ya ndege. Ukienda Kengeja au Mtambile ni hivyohivyo, boti ina nguvu.

Ukielekea kaskazini, mizani inalala upande wa pili. Mtu wa Wete anayeshuka Mkoani amebakiwa na takriban kisiwa kizima mbele yake, na wa Konde au Micheweni ndio kabisa. Kwa boti anaweza kuwa ameondoka kwake alfajiri akafika nyumbani adhuhuri imeshapita, amekunjamana, hataki kusalimiana na mtu. Kwa ndege, kutoka uwanjani hadi Wete ni saa moja hivi. Kama wewe ni wa kaskazini na una pesa ya kuchagua, usijitese.

Kuna na kichekesho cha watu wa Nungwi. Boti ya Pemba inatoka Malindi, inapanda upande wa magharibi wa Unguja, inapita Tumbatu, inakata ncha ya Nungwi ndipo inaelekea Mkoani. Yaani inapita mbele ya nyumba zao. Lakini haisimami, na mtu wa Nungwi inambidi ashuke mjini karibu kilomita 60, akae bandarini, apande boti, kisha apite tena kwao akiwa baharini. Ukiongeza gari hilo la asubuhi, safari yake kwa boti haipungui saa saba kama anakwenda Chake. Kwa ndege pia lazima ashuke mjini, ila akisharuka, amesharuka.

Mwenye kazi ya siku moja Pemba, kikao au kesi au hati ya shamba, asifikirie mara mbili. Ndege zinakwenda kila siku na si mara moja, kwa hiyo kwenda asubuhi na kurudi alasiri kunawezekana. Boti zina siku zake na saa zake, na ratiba hubadilika kwa msimu. Ukienda nayo, panga na mahali pa kulala. Wengi wetu tuna jamaa huko, kwa hiyo kulala si gharama. Gharama ni kwamba jamaa hawatakuachia uondoke kesho yake.

Bahari ina kauli yake

Ramani inaonesha visiwa viwili vilivyo jirani, lakini baharini havifanani. Unguja imekaa kwenye maji ya kina kifupi pamoja na bara. Pemba imezungukwa na kina kirefu, na mlango wa bahari kati yake na bara unafika mita 800 hivi. Ukishaiacha ncha ya Nungwi, huna tena kisiwa cha kukukinga na mawimbi ya bahari kuu. Hapo ndipo wahudumu wa boti wanapoanza kugawa mifuko, na wanaojua safari hii wanaacha kutazama simu.

Kwa njia ya boti, kutoka Malindi hadi Mkoani kwa kuzunguka Nungwi ni kama maili 60 za baharini ukipima kwenye ramani. Boti ikienda maili 25 kwa saa kwenye maji yaliyotulia, inatumia saa mbili na dakika 24. Lakini mkondo wa bahari wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, unazidi nguvu. Chukua mkondo wa maili mbili tu kwa saa. Kwenda Pemba, boti inasukumwa: saa mbili na dakika 13. Kurudi Unguja inasukumana nao: saa mbili na dakika 37. Njia ileile, boti ileile, tofauti ya dakika zaidi ya ishirini, na hapo bado hatujaweka mawimbi, ambayo humfanya nahodha apunguze mwendo kwa hiari yake.

Kwa ndege, upepo wa maili 15 kwa saa ukiwa nyuma au mbele ya Caravan unabadilisha safari kwa dakika zisizofika tano. Hii ndiyo faida ya ndege ambayo haiandikwi kwenye tiketi: muda wake unatabirika. Nusu saa ya Januari ni nusu saa ya Julai.

Kwa hiyo angalia kalenda kabla ya kuangalia bei. Kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, na hasa Juni, Julai na Agosti, ndio wakati wa bahari ngumu, na kurudi Unguja ni kugumu kuliko kwenda kwa sababu upepo unakuwa ubavuni na mbele. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi, nao una siku zake za kuchafuka lakini kwa kawaida ni mpole zaidi. Tanga mbili, yaani kati ya pepo hizo mbili, Oktoba na Novemba, bahari hulala kama mkeka, na mtu akipanda ndege wakati huo kwa kuogopa kutapika tu, kapoteza pesa yake.

Masika ina adhabu kwa wote wawili. Ndege ndogo zinategemea sana rubani aone mbele yake, na mvua nzito ikishuka juu ya Chake, utakaa kwenye kiti cha kusubiria Kisauni mpaka ipite. Boti hazisimamishwi na mvua bali na upepo na mawimbi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na huvitaja visiwa vya Unguja na Pemba kwa majina. Zisikilize siku mbili kabla ya safari. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani, boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimama. Siku kama hizo hakuna kulinganisha, kuna kukaa nyumbani.

Siwezi kuandika juu ya njia hii nikaruka usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011. MV Spice Islander I ilitoka Unguja kwenda Pemba imejaa kupita kiasi, ikazama katika mkondo wa Nungwi. Takriban kila kijiji cha Pemba kina mtu wake aliyebaki humo. Boti za leo ni nyengine na ukaguzi umekazwa, lakini abiria naye ana wajibu wake: nunua tiketi kwa jina lako halisi, onesha kitambulisho, na ukiona watu wamekaa ngazini na kwenye mapito kwa sababu viti vimekwisha, shuka. Nauli itasamehewa au haitasamehewa, shuka.

Ndani ya ndege ndogo

Ambaye hajawahi kupanda Caravan ajue mambo mawili matatu. Utaulizwa uzito wako, au utasimamishwa kwenye mizani pamoja na begi lako, mbele ya watu. Hakuna dharau hapo. Rubani anagawa uzito ili ndege isielemee mbele wala nyuma. Huenda ukaambiwa ukae mbele, mkeo nyuma. Hakuna choo, hakuna chai, na ngazi yake ni nyembamba, jambo la kufikiriwa kwa bibi mwenye magoti mabovu. Kwa mgonjwa asiyeweza kukaa wima, zungumza na kampuni mapema, usiende naye uwanjani kubahatisha. Mama mjamzito aliyekaribia siku zake ataombwa barua ya daktari.

Inaruka chini kiasi kwamba unaona kila kitu. Kwa njia iliyonyooka inapita juu ya mashamba ya katikati ya Unguja, inaiacha ardhi karibu na Kiwengwa, kisha ni bahari tupu mpaka ncha ya kusini ya Pemba. Omba kiti cha kushoto: kwanza utakiona kisiwa cha Mnemba na duara la mwamba wake, halafu Mkoani na gati lake, na kwa mbali kisiwa cha Misali. Wakati wa kurudi hamia kulia. Ikipita kwenye wingu itatikisika, na wapo wanaosoma dua kwa sauti. Nusu saa si kitu. Bora mtikiso wa dakika tano kuliko wa saa mbili.

Kampuni zinazorusha ndege hizi ni kama Auric Air na Coastal Aviation, na nyingine huingia na kutoka. Jambo la kuuliza wakati wa kununua ni kama ndege inakwenda moja kwa moja au inaunganisha. Ndege nyingi za Pemba zimetoka Dar es Salaam na zinapita Unguja kuchukua watu, kwa hiyo mvua iliyonyesha Dar inaweza kukuchelewesha wewe uliyekaa Kisauni juani. Ya kwanza asubuhi ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu haijapata muda wa kurithi uchelewaji wa safari nyingine.

Mzigo, ambao ndio unaoamua

Ndege ndogo hukupa kilo 15, na inapenda begi laini kuliko sanduku gumu, kwa sababu mizigo inasukumwa kwenye sanduku dogo la chini ya tumbo la ndege. Kilo 15 zinamtosha karani anayekwenda kikaoni. Hazimtoshi mtu anayekwenda harusini, na kwa anayerudi kutoka Pemba ni mzaha.

Kwani Pemba haimwachii mtu mkono mtupu. Utaondoka na ndizi, muhogo, nazi, shokishoki kama ni msimu wake, na fenesi. Fenesi moja la maana linaweza kula kilo zako zote 15 kabla hujaweka hata kanzu. Doriani ndiyo usiijaribu kabisa kwenye chumba kilichofungwa chenye watu kumi na mbili. Karafuu ni habari nyengine: zao hilo lina sheria yake na mnunuzi wake, ambaye ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na mtu atakayekuomba umchukulie pakacha lake la karafuu, ndege au boti, mkatalie kwa adabu.

Kwa mzigo, boti inashinda bila kushindana. Begi kubwa, ndoo, katoni ya vigae, godoro la kukunja, vyote vinapata pahala, ingawa shehena inalipiwa peke yake na mchukuzi naye ana chake. Patana naye kabla hajanyanyua. Mwenye kuhamisha nyumba, kupeleka gari au pikipiki, asahau hata boti ya kasi. Atafute meli ya magari kama Azam Sealink, ambayo mwendo wake ni wa pole. Safari ya usiku ina faida moja wasafiri wa kipato kidogo wanaijua vizuri: unalala ndani yake, asubuhi umefika Pemba, na siku nzima ni yako. Wasiwasi wangu juu ya safari ya usiku ni huo niliousema wa Nungwi, na kila mtu apime moyo wake.

Nauli

Sitaandika bei, maana zinabadilika kabla wino haujakauka, na mgeni halipi sawa na mwenyeji. Kwa jumla ndege ni mara kadhaa ya boti. Lakini usilinganishe tiketi kwa tiketi. Upande wa boti ongeza gari ya Mkoani hadi unakokwenda, mchukuzi, chakula cha njiani, na kama kazi yako ya siku moja imegeuka mbili, ongeza na siku hiyo ya pili ya duka lililofungwa. Upande wa ndege ongeza teksi ya kutoka uwanjani Pemba, ambapo magari ya abiria hayapiti mfululizo kama ya Kisauni, na kilo zilizozidi. Kwa mfanyabiashara wa Chake anayekwenda peke yake na begi la mkononi, tofauti hupungua sana. Kwa baba mwenye watoto wanne wanaokwenda kwa bibi yao likizo ya skuli, tofauti inazidishwa kwa tano, na hapo boti ndiyo jibu, kusi au kaskazi.

Siku za kuelekea Idi, na wakati wa uchumaji wa karafuu, vyombo vyote hujaa. Ndege ya viti kumi na mbili inajaa kwa familia mbili tu. Ikiwa ni lazima ufike kabla ya sala ya Idi, shika tiketi ya boti mapema uwe na uhakika; ukipata ya ndege baadaye, ni ziada.

Anayetoka bara

Kutoka Dar es Salaam hadi Pemba kwa anga ni kilomita 190 na kidogo, nyingi zaidi ya zile 73 za Dar na Unguja. Mara nyingi ndege inatua Unguja njiani. Wewe kaa, usiteremke na wanaoteremka. Kwa boti, ukitoka Dar unahesabu Unguja kwanza, na mara nyingi unabadilisha chombo, kwa hiyo siku yote imekwenda. Kwa safari hiyo napendelea ndege waziwazi.

Aliyeko Tanga, Korogwe au Lushoto ndiye ninayemhurumia akishuka hadi Dar ili apande kwenda Pemba. Kutoka uwanja wa Tanga hadi wa Pemba ni kilomita 84 tu, fupi kuliko Unguja na Pemba, wakati barabara ya Tanga hadi Dar ni karibu kilomita 350. Ndege za Tanga ni chache na vyombo vya baharini vya upande huo havina wingi wa safari, kwa hiyo piga simu kwanza. Hata ukisubiri siku moja Tanga, bado umeokoa kwenda chini na kurudi juu.

Kwenda na moja, kurudi na nyingine

Hakuna aliyesema lazima uende na urudi kwa chombo kimoja, na ni ajabu watu wengi hununua tiketi ya kwenda na kurudi kabla ya kufikiri. Wakati wa kusi bahari inakushauri wazi: nenda kwa boti, mkondo ukiwa upande wako, rudi kwa ndege usipigane nao. Lakini mzigo unakushauri kinyume. Unakwenda Pemba na kibegi, unarudi na gunia. Upepo unataka urudi kwa ndege, fenesi linataka urudi kwa boti.

Wenye uzoefu wameshalitatua hili kwa kumtenganisha mtu na mzigo wake. Mzigo unatangulizwa Mkoani siku moja kabla, unapimwa na kulipiwa kama shehena, unaandikwa jina la mpokeaji na namba ya simu kwa kalamu nzito isiyofutika kwa maji. Stakabadhi inapigwa picha na kutumwa kwa simu kwa mtu wa Unguja, naye anakwenda Malindi na kitambulisho chake kuupokea. Wewe asubuhi yake unapanda ndege na begi lako la kilo saba. Vitu vya kuoza, kama samaki na shokishoki zilizoiva, visiingizwe humo isipokuwa umeuliza boti inaondoka saa ngapi hasa. Na nazi zifungwe kwenye gunia mbili, kwa sababu gunia moja likishachanika gatini, kila mtu ni mwenye nazi.